Bonyeza, Uongee

Betri ilisema kumi na mbili na nukta sita.
Rannva hakusadiki:
aliyelala hajulikani kilema chake.

"Bonyeza, baba. Uongee."
Hedin akabonyeza, akaanza kuhesabu kwa Kifaroe,
na mita ikaporomoka hadi kumi na nukta moja.
Wati ishirini na tano za kwenye kibandiko
zilitoka zikiwa saba;
volti zimeliwa njiani
na waya mwembamba,
na shaba iliyoota kutu ya kijani nyuma ya fyuzi.

"Mbona mimi nawasikia wote?"

"Kusikia hakuli umeme, baba."

Akatazama theluji ikifuta Kalsoy.
Majira yote ya baridi alimwita kaka yake
kutoka nyuma ya mlima ule,
akajibiwa kimya,
akaapa hawazikani.

Rannva alikuwa anamenya waya mpya, mnene.