Daftari la Kuhama

Leo wameng'oa mlango wa mbele.
Mvule mtupu; watu wanne wakaubeba
kama wanavyobeba mgonjwa mzito,
wakaulaza uani juu ya magunia.
Miaka ishirini na saba nimeshika funguo.
Leo funguo ni chuma tu ndani ya mkoba.

Fundi Shekue anakwangua ukuta
kwa msasa, kwa kisu, kwa ukucha wa gumba.
Kwanza inatoka rangi ya maziwa, ya juzijuzi,
kisha kijani kile cha zahanati na mahakama,
kisha buluu ambayo hayupo wa kutuambia nani aliipaka,
kisha chokaa. Kisha tumbawe lenyewe,
na ndani ya tumbawe kikonokono
kilichoingia bila kitambulisho
kikatulia kuliko wasomaji wangu wote.

Mhandisi amekuja na pikipiki na ramani.
"Saruji," anasema. "Wiki mbili tumemaliza."
Shekue hajibu. Anachota maji kwa kopo,
anayamwaga ukutani, ukuta unayanywa.
"Umeona? Una kiu huu. Ukiuvika saruji
utatoka jasho kwa ndani mpaka uoze."
Mhandisi akaandika kitu. Sikuona nini.
Kesho yake lori likashusha chokaa.

Mimi kazi yangu kuhesabu.
Masanduku yanakwenda ghala la katani, kule Gofu,
kwa mkokoteni, mara kumi na moja kwa siku.
Rafu ya jiografia, mchwa wamesoma kutushinda:
wameimaliza Afrika, wamevuka bahari,
wakaishia katikati ya Uajemi.
Labda walichoka. Labda ndiko walikokuwa wakienda.
Nimeandika daftarini: *vitabu kumi na tisa,
vimesomwa.* Wa masijala atanigombeza.
Na anigombeze.

Nyuma ya kabati la magazeti:
vitana viwili, kiatu kimoja cha mtoto,
barua ya mapenzi isiyo na jina, imekunjwa mara nane
(nimeikunja tena mara nane),
na mbegu za machungwa ya Muheza, kiganja kizima,
za mtu aliyejua vizuri kwamba humu hakuli mtu.

"Mama!" Shekue yuko juu ya ngazi.
"Hapa palikuwa na neno. Limebaki MYA.
Nililinde au nilipake?"
Nikalitazama. Herufi nene, nyekundu, za kuamrisha.
"Lipake," nikasema.
"Watoto wakirudi nitawaambia mwenyewe."

Saa tisa baiskeli ikaegemea pale palipokuwa na mlango.
Bwana Mnkande, zamani karani wa reli,
na kitu kimefungwa kwa nailoni, mipira miwili ya mkono:
kitabu cha ufugaji nyuki.
Alikiazima akiwa kidato cha pili.
"Nimesikia mnabomoa."
"Hatubomoi. Tunakarabati."
"Maneno hayo hufanana," akasema, "mpaka siku ya mwisho."
Nikapiga hesabu ya faini, senti tano kwa siku;
tukacheka, halafu akatoa pochi kweli.
Nikamrudishia mkono.
"Na nyuki je?"
"Sikufuga hata mmoja. Nilikuwa nakisoma tu."

Muhuri wangu wa tarehe, gurudumu lake la miaka
lilikwisha zamani, halina mwaka huu.
Nikagonga siku, nikagonga mwezi,
mwaka nikaumalizia kwa kalamu.
Kisha nikainuka kukirudisha mahali pake
na mahali pake hapakuwapo:
alama nne za misumari, na vumbi jeupe
likishuka taratibu kwenye mwanga.

Saa kumi na moja nikaenda kufunga.
Mkono ukafika hewani, penye kitasa.
Nikarudi mezani, nikafungua daftari upya,
nikajiandikia jina langu, kadi nambari moja:
nyuki, siku kumi na nne.