Nani Alimtafunia

Chini ya kanisa kuna mitungi ya divai,
chini ya mitungi kuna majivu ya volkano,
chini ya majivu, huyu.
Tedo alimtoa Jumanne kwa brashi ya rangi na kijiti,
akaniita: Eteri, lete beseni,
njoo taratibu.

Kazi yangu kuosha. Naosha magae,
naosha mifupa ya paa,
na kila Jumamosi naosha sakafu ya kanisa.
Maji ya mto mmoja, mabeseni mawili.
Padri Besarioni alitaka hivyo
nami sikubisha.

Fuvu dogo, ungelifunika kwa bakuli la supu.
Paji limelala nyuma,
mfupa wa nyusi umetuna kama ukingo wa baraza,
na taya, nilipopitisha kidole,
laini.
Hakuna jino hata moja.
Matundu yamezibwa na mfupa wenyewe,
kama mlango uliopigwa lipu wapangaji walipohama.
Miaka, Tedo akasema. Mfupa hauzibi kwa usiku mmoja.
Aliishi miaka bila meno
juu ya kilima hiki,
kati ya fisi, na chui wenye meno kama majambia,
hana moto, hana chungu.
Kisha akautaja umri: milioni moja na laki nane.
Nikaifuta mikono kwenye aproni.

Nyumbani ananingoja Makvala, mama mkwe wangu,
miaka themanini na tisa, ufizi mtupu.
Namloweshea mkate kwenye mchuzi wa maharage,
nampondea kokwa za jozi kwa kitako cha chupa,
na majira yale mkono wangu ulipovunjika
nilimtafunia, nikamtemea kijikoni.
Tulicheka mpaka akapaliwa.

Zaza, mpwa wangu anayesoma Tibilisi, aliniambia:
Shangazi, chagua. Adamu wa udongo
au huyo babu yako wa msituni.
Padri naye, kaegemea mlango, kwa sauti ya chini:
Chagua, binti. Mshika mbili, moja humponyoka.
Ni hapo tu wanapopatana wale wawili.

Lakini mimi nilipewa mikono miwili.
Huu una nta ya mshumaa,
huu una vumbi la kabla ya majina,
na jioni yote hunuka sabuni ileile.

Kitabu kinasema alipuliza.
Hakisemi pumzi ilisafiri muda gani
kabla ya kufika puani.

Na wale walioliwa njiani?
Watoto waliokufa kabla ya kuitwa watoto,
matawi yaliyokatika yakiwa na maua?
Mfinyanzi hulia gaeni, sawa,
ila magae haya yalikuwa na macho.
Hilo nimeliosha mara nyingi.
Halitakati.

Ninachokijua ni kidogo, kinatosha kiganja:
kabla ya moto, kabla ya sala, kabla ya neno «kabla»,
mtu mmoja alishika kipande cha nyama,
akakitafuna,
njaa yake mwenyewe ikimpigia kelele tumboni,
na hakumeza.
Akageuka.
Kama ipo saa ambayo udongo ulikuwa mtu
mimi ningeitafuta hapo,
si katika ukubwa wa ubongo wanaoupima kwa mtama,
bali katika kinywa kinachotafuna
kisichomeza.
Na kama yuko Mungu, naye yuko,
sidhani alikuwa mbali siku ile
akisubiri tunyooke mgongo ndipo atutambue.

Zaza atasema hiyo si hoja.
Ni kweli, si hoja. Ni mchuzi.

Jumamosi beseni la kanisa lilikutwa na ufa.
Nikachukua lile jingine,
lenye utepe wa vumbi jeusi ukingoni.
Padri aliniona.
Alilitazama beseni, akanitazama mimi,
akatazama mishumaa kwa muda mrefu,
kisha akainua miguu yake, mmoja, halafu wa pili,
dekio langu lipite.