Sabini na Nne

Tuomo alianguka juzi saa nne asubuhi,
koleo mkononi, akikwangua theluji
juu ya paa la dada yake, Haukipudas.
Ngazi ilibaki imesimama. Yeye hakubaki.

Sasa yuko Oulu, kitanda cha sita,
fuvu limefunguliwa upande wa kulia
kama dirisha la nyumba yenye moshi,
nami, Kaisu wa zamu ya usiku,
namchota damu, kichupa baada ya kichupa,
nipate kujua imepungua kiasi gani.
Kupima nako kunapunguza.
Hilo hatulisemi mbele ya jamaa.

Karatasi inarudi: sabini na nne.

Daktari Raili anasema tungoje.
Sabini ndio mstari. Damu ya mtu si sharubati,
ina homa zake, hujaza mapafu maji.
Veikko, ambaye ndevu zake bado zina baridi ya nje,
anasema ubongo hauna ghala:
msuli hukopa, figo huvumilia,
ubongo hula papo kwa papo,
na huu umeshapigwa. Usiusimamishe mlangoni na bakuli tupu.
Wanabishana Kifini, maana yake wananyamaza,
mmoja anasogeza miwani.

Irja, dada mtu, ananinyooshea mkono
kutoka kiti cha plastiki.
"Chukua yangu. Tumetoka tumbo moja."
Namwambia haitamfaa. Yeye kundi A, kaka yake O.
Damu nzito kuliko maji, husemwa;
hawakutaja nzito kiasi gani,
wala kwa nani.

Saa tisa na robo Raili anatia saini.
Mfuko unatoka kwenye jokofu, baridi kama samaki wa chini ya barafu,
una namba, hauna jina.
Labda ni dereva wa trekta wa Kuusamo.
Labda ni msichana aliyefuata kahawa na biskuti.
Tunaisoma namba kwa sauti, wawili, kama waapao.

Tone.
Kisha tone.
Waya uliozama ubongoni unasoma hewa:
kumi na nne. Kumi na nne. Kumi na sita.
Veikko haangalii mtu.

"Ataamka?"
Sijui. Namwonyesha kucha za kaka yake,
zimeanza kuwa na rangi. Hilo nalijua.
Anazitazama kwa muda mrefu,
halafu anasema nusu ya paa bado ina theluji,
jirani ameahidi kuja kumalizia,
na yeye amemwambia asipande.