Askari wa Nne

Sudbury, Februari, nyuzi thelathini na moja chini ya sifuri.
Gari limechomekwa waya ukutani kama mgonjwa wa dripu,
nami nimechomekwa kwenye kompyuta,
napekua matumbo ya mchezo wa mwaka tisini na saba.

*Mgodi wa Tisa*. Mnaukumbuka?
Diski mbili, kasha lenye ufa,
mwezi wa ukungu wa zambarau, bunduki inayotema umeme,
mazimwi ya chuma yakipanda kutoka mashimo
tuliyoyachimba wenyewe.
Mchana natengeneza breki za malori, zaidi ya kilomita moja chini ya ardhi.
Usiku narudi nyumbani, nashuka tena mgodini.
Zuwena husema: wenzako huleta kazi nyumbani,
wewe umeibeba hadi mwezini.

Sasa, yule askari.
Ngazi ya tatu, ghala la oksijeni, kona ya kushoto.
Wenzake watatu wakisikia nyayo zako wanakurupuka.
Yeye anakwenda hatua sita, anafika ukutani,
anaendelea kutembea.
Miguu inakwenda, mwili haujongei,
pua ukutani, kisogo kwetu,
miaka ishirini na nane.
Morogoro, kwa shemeji, umeme ulikatika vita vikiwa vimepamba moto,
ukirudi tulianza upya, na matusi juu.
Yeye hakuwa na cha kuanza upya. Tulimkuta palepale.
Hakuna aliyempiga risasi. Tulimwonea haya.

"Mrekebishe," alisema Reijo,
ambaye babu zake walikuja hapa na sauna na ukimya. "Kosa ni kosa."
Gaëtan akapiga meza, kahawa ikaruka:
"Ukimgusa umefuta utoto wa watu! Waundaji walimtaka hivyo."
"Waundaji walichoka. Ilikuwa Ijumaa."
Nikasema, kwetu kosa moja haliachi mke.
Hawakunielewa,
na Zuwena alipopata habari hakupendezwa.
Tulibishana hadi mwenye duka la donati
akaanza kupandisha viti juu ya meza, kimoja kimoja, kwa kishindo.

Kosa lenyewe, dogo kuliko chawa:
alama ya kutoa
mahali pa kujumlisha.
Nikaibadili. Nikaingia ghalani na bunduki mkononi.

Akageuka.

Ana uso.
Kuna mtu alikaa akamchorea masharubu,
kovu juu ya nyusi, jino moja la dhahabu,
akampeleka ukutani, akazima taa, akaenda zake.

Akanipita kama nguzo.
Akafika mlango wa lifti, akasimama.
Hakuna aliyewahi kumwandikia njia ya mbele zaidi.
Nilipiga risasi hewani. Hata kope hakupepesa.
Nikajua nimemtoa mtu kwenye kona yake
nikamwacha stendi bila nauli.

Basi nikairudisha ile alama. Hatua sita, ukuta.
Ila ukutani, usawa wa macho yake, nikakata dirisha,
na nje yake nikachora kilima chetu
usiku wanapomwaga mavi ya chuma:
mto mwekundu unateremka, unapunguza mwendo, unakuwa mwamba.
Injini ile ya kale haijui kuakisi chochote kiooni,
kwa hiyo nikamnakili yeye mzima
nikamsimamisha upande wa pili, amgeukie.

Sasa wanatembea wawili, masharubu kwa masharubu,
na ukisimama nyuma yake unamwona usoni.

Jumamosi niliwaonyesha.
Gaëtan akakaa kimya muda mrefu, kisha: "Dirisha halikuwepo."
Reijo akasogeza kiti, akainama hadi pumzi yake ikafanya ukungu kwenye kiwambo.
"Huyu wa nje," akauliza,
"anapumua nini?"