Ishirini na Mbili

Fundi Mwinshehe alinifundisha hivi:
kaza mpaka mkono useme basi,
kisha ongeza kidogo, ya kumfukuza shetani.
Sikuuliza mkono wa nani.
Wake ulibeba magunia ya mkaa miaka kumi
kabla haujashika spana.
Wangu bado ulikuwa na sugu ya kalamu.

Ndiyo maana siku ile, pale Kigogo,
boliti ya oili ya Kondo ilizunguka,
ikazunguka tena,
ikawa nyepesi kama jino la mtoto.
Uzi umeliwa.

Kondo hakupiga kelele. Alichuchumaa,
akatazama tone likijaa, likidondoka, likijaa.
Pikipiki ilikuwa ya mkataba,
siku ya mia tatu na arobaini na moja,
bado wiki tatu na ushee kadi isome jina lake.
"Tajiri anataka hesabu saa mbili usiku," alisema.
Kisha, polepole:
"Hii umeikaza, au umeichukia?"

Nililala na swali hilo miezi miwili.

Nikaenda Gerezani,
kwenye vyuma vilivyomwagwa juu ya turubai,
nikanunua spana ya kipimo,
mpini wake umelambwa na viganja nisivyovijua.
Elfu sitini na tano, haina garantii.
Unaiwekea kiasi, na kiasi kikifika inasema: tak.
Siyo mkono tena. Chuma chenyewe kinasema basi.

Lakini kiasi ni kipi?
Kitabu cha pikipiki kilishafungia mihogo zamani.
Nikauliza mafundi wa mtaani:
mmoja thelathini, mmoja kumi na tano,
wa tatu akacheka mpaka akashika kiuno:
"Nati haijui hesabu, bwana mdogo!"

Mpaka duka moja la Msimbazi,
karani anaitwa Tatu Chambuso,
miwani yake imefungwa kwa uzi wa kushonea.
Alishusha kitabu kilicholowa grisi juu ya friji,
akapitisha kidole:
"Za silinda hedi? Ishirini na mbili."
Hakunidai hata senti.
Nilirudi kwa miguu nikiisema,
ishirini na mbili, ishirini na mbili,
kama mtoto aliyetumwa dukani asisahau.

Nati ya kwanza. Tak.
Ya pili. Tak.
Ya tatu ilisema neno jingine,
fupi, la ndani,
kama mfupa wa kuku mdomoni mwa mtu mwenye adabu.

Nikaketi sakafuni, kipande cha boliti kiganjani.
Nikageuza spana.
Mpini una safu mbili:
huku futi na ratili,
huku mita na niutoni.
Karani alisoma safu moja, mimi nikakaza kwa nyingine.
Ishirini na mbili ilikuwa kweli tupu.
Mimi ndiye niliyekuwa upande wa pili wa mpini.

Siku hizi namba zote ziko kwenye mlango wa bati,
kwa rangi nyeusi: plagi, oili, ekseli ya nyuma,
na mbele ya kila moja, herufi kubwa: MITA.
Juzi kijana alizipiga picha.
Nikadhani ni fundi mwenzangu.
Kumbe anapanga mkeka,
kasikia namba za mlango huu hazikosei.
Zilikosea. Alirudi kudai.

Kondo kadi anayo, majina yake yote matatu.
Bado huja kwangu, sijui kwa nini,
na kila nikifunga boliti ile
huchuchumaa palepale,
sikio karibu na injini, pumzi kaibana.

Tak.

Anainuka, anafuta magoti,
anapiga kiki.
Mpaka leo hajanijibu,
wala mimi sijamjibu.