Posta Haipokei Gogo

Jina lako lilikuwa na konsonanti zilizobanana,
tukalitia irabu lipate kupumua: Ingivari.
Ukaitika.

Jumapili yako ya kwanza Uvinza ulihubiri chumvi.
Nami nilikuja kusikia ni nani anayeitaja kazi yangu,
macho mekundu kwa moshi, magaga meupe.
Ukasema chumvi ikipoteza ladha hutupwa.
Nikasimama, sikujua kwamba mahubiri hayajibiwi,
nikasema: Chumvi haipotezi ladha, bwana.
Inaondoka yenyewe.
Liache gunia chini usiku wa masika,
asubuhi utalikuta jepesi, na ardhi imeshiba.
Watu wakacheka. Wewe ukatoa kalamu.

Jioni ukaja kwenye makarai, ukaomba upawa.
Ulikoroga kama mtu anayepiga kasia
mpaka povu likakurukia kifundo cha mkono.
Ukatamka neno la kwenu
ambalo hata leo sijui kama lilikuwa sala.
Kovu lilitoka na umbo la punje ya mhindi.

Miezi minane, kibatari kimoja.
Ulinipa herufi, nikakupa methali.
Ukazichanganya: *haba na haba haina baraka*,
uliwaambia watoa sadaka,
na siku hiyo kapu lilirudi limejaa,
maana walicheka huku mikono ikiwa mifukoni.

Ulinibatiza Malagarasi.
Vijana wawili walipiga maji kwa fito, kufukuza mamba.
Nilizama na hofu mbili, nikaibuka na moja.
Hukuniuliza ni ipi iliyobaki.

Kisha mama akafa.
Wajomba wakaleta pombe ya ndizi, wakamwaga kidogo mlangoni.
Mimi sikumwaga. Wala sikuondoka.
Wewe ulisimama nje ya ua, uso kama wa karani wa mahakama.
Ntakije, ulisema, chagua.
Nikakujibu kwa ukali ambao sijautubia:
huyu alikuwa akisema *Imana* kila anapopakua ugali,
na wewe hujazaliwa.

Siku ishirini hatukusemezana.
Ya ishirini na moja, alfajiri,
kitu kizito kikaanguka uani.
Gogo. Siafu bado kwenye magome,
na bega lako limechubuka hadi shati limegandia.
Hukusema pole.
Kuna mtu alikuwa amekunong'oneza
kwamba kwetu pole hubebwa.
Tuliliwasha pamoja. Lilikuwa bichi,
likatutoa machozi, na hakuna aliyelazimika kueleza yake.

Treni iliyokuchukua ilichelewa saa tisa.
Tulikula mihogo, tukaishiwa maneno,
tukakaa tu, kama wazee wawili wanaodaiana.

Sasa barua yako, baada ya miaka kumi na moja.
Umeandika kwa Kiswahili kilichopauka:
mke wangu amekufa. Siombi tena.
Nikifungua mdomo, ni mkavu.
Usiwaambie wa kanisani.

Sijawaambia.
Na sitakuhubiria; ulikuwa mhubiri, unajua njia zote za kutokea.
Nilikwenda posta Kigoma kuulizia.
Binti wa dirishani alidhani namtania:
Mzee, hatupokei gogo.

Basi nakutumia hii, kijiko kimoja, ndani ya karatasi ya daftari,
na jambo ambalo sikulimalizia siku ile
kwa sababu watu walikuwa wanacheka.
Ule udongo ulioshiba hatuuachi.
Tunauchota, tunautia maji, tunauchuja,
tunaukalisha motoni usiku kucha.
Inarudi, Ingivari.
Hairudi yote, na kwanza hutoka chafu,
rangi ya maji ya kuoshea miguu.
Lakini onja.

Usiku huu zamu ya karai ni yangu.
Wewe pumzika, usiombe.
Nasukuma kuni ndani, moshi unanigeukia,
nalitaja jina lako
pamoja na irabu zake zote.