Koti la Mlinda Reli

Majuma mawili, usiku, nililishona koti lile:
sufu nzito, vifungo vya pembe,
la mlinda reli wa Łódź, mwaka wa njaa.
Dobrochna alivae filamu nzima,
asilivue hata akifa.

Kisha wakaja watu wa gazeti la wanaume.
Filamu bila picha haiuziki, walisema.
Zbyszko, mwenzake, hakuombwa kuvua hata glavu.

Sikumkemea. Mimi nani?
Kodi ya nyumba haijui sanaa,
na mwili ni wake, si wa padri, wala wangu.
Alinipigia simu: “Wiesia, chumba kilikuwa na joto,
walikuwa na adabu, walinipa chai.”
Nikasema, vizuri.
Tukanyamaza.

Nililinunua kibandani, nikalifunika kwa kabichi.
Ukurasa wa arobaini nikatafuta koti langu:
mkono mmoja tu, sakafuni,
kifungo kimelegea.

Jana ukumbi ulijaa.
Saa mbili nzima walingoja alivue.
Hakulivua.
Wa mbele yangu alisonya, akatoka.
Wa pembeni, kofia magotini,
alifuta miwani, akafuta tena.
Wote wawili walilipa kiingilio kilekile.
Picha ile ilimleta yupi, sijui.

Kesho nakwenda kukaza kifungo.